Kabla Hujafika Msalabani, Mwache Nabii Amalize Kuongea

Kama umepewa zamu ya kufundisha neno kwenye kikundi chenu na umeangukiwa na kitabu cha Agano la Kale, ushauri wangu ni mmoja: usikimbilie msalabani. Utafika tu. Sisi ni Wakristo, na Bwana mwenyewe kwenye Luka 24 aliwaeleza wale wawili wa njia ya Emau mambo yanayomhusu, akianzia kwa Musa na manabii. Lakini wale wawili walikuwa Wayahudi. Musa na manabii walikuwa wamewasikia tangu wakiwa migongoni mwa mama zao. Sisi wa Kirumba, Igombe na Kayenze tunapewa jibu kabla hatujasikia swali, halafu tunashangaa kwa nini mahubiri ya Agano la Kale yanafanana yote.

Naongoza kikundi cha Biblia kwenye mwalo mmoja hapa Ilemela, Mwanza. Ratiba yetu inapangwa na mwezi. Mbalamwezi ikiwaka dagaa hawavutwi na taa, wavuvi wanabaki nchi kavu, nasi tunakutana jioni chini ya mti karibu na chanja za kuanikia. Giza likirudi, wanaume wako ziwani na tunabaki na akina mama na wazee. Kwa hiyo ninayoyasema hapa sikuyapata chuoni peke yake. Yamepitia kwa watu wenye maswali magumu na wasio na muda wa kupoteza.

Chukua Yeremia 29:11. Ukikaa Mwanza wiki moja utauona mstari huo kwenye bajaji, kwenye mtumbwi, kwenye fulana ya kwaya: "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema Bwana, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya." Mhubiri wa mkesha anausoma, anafunga Biblia, anakutangazia gari na kiwanja kabla Desemba haijaisha. Sisi tuliamua kuisoma barua yote. Maana ni barua. Yeremia yuko Yerusalemu, anawaandikia watu waliochukuliwa mateka Babeli pamoja na mfalme Yekonia mwaka 597 kabla ya Kristo. Sura iliyotangulia, nabii mwingine, Hanania, amesimama hekaluni akatangaza kwamba ndani ya miaka miwili kila kitu kitarudi: vyombo vya hekalu, mfalme, mateka wote. Watu walitaka sana awe mkweli. Yeremia anawaandikia kinyume chake: jengeni nyumba, pandeni bustani, oeni na kuoza, uombeeni amani mji wa adui zenu. Na mstari wa 10, ule usioandikwa kwenye bajaji, unasema miaka sabini.

Mama mmoja anayeanika dagaa aliacha kazi ya mikono yake akaniuliza, "Mwalimu, mtu aliyekuwa na miaka arobaini siku barua inafika, alirudi kwao?"

Nikamwambia, "Hapana mama. Huyo alizikwa Babeli."

"Sasa tumaini lake lilikuwa lipi?"

Sikuwahi kulisikia swali hilo kwenye semina yoyote. Kabla sijapata la kusema, mzee mmoja wa kanisa akamjibu kwa upole, "Ndiyo maana waliambiwa wazae, mama. Ahadi ilikuwa ya wajukuu." Jioni ile watu walizungumza mpaka giza likaingia, kuhusu watoto waliosomeshwa kwa dagaa, kuhusu nani atalila tunda la mti alioupanda yeye. Hakuna aliyemkumbuka Hanania isipokuwa kijana mmoja, aliyesema kwa sauti ya chini kwamba huyo Hanania anamjua, ana kipaza sauti.

Angalia basi kilichotokea tulipomwacha Yeremia amalize. Kristo hakupungua hata kidogo. Ukisogea sura mbili mbele, kwenye 31:31, unakuta ahadi ya agano jipya, ile ambayo Luka anaiweka kwenye kikombe cha karamu ya mwisho na ambayo Waebrania 8 inaisoma karibu yote. Mtu aliyeketi na mateka kwa sura mbili analisikia neno "agano jipya" kama habari njema kweli. Aliyerukia pale moja kwa moja anasikia kichwa cha nusu ya pili ya kitabu chake. Na atasoma kwa haraka kiasi cha kutoona kwamba Yeremia anasema agano hilo ni pamoja na nyumba ya Israeli na nyumba ya Yuda. Sisi watu wa mataifa, kwa maelezo ya Paulo kwenye Warumi 11, ni matawi ya mzeituni mwitu yaliyopandikizwa, na tumeonywa tusijisifu juu ya matawi yale ya asili.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Hosea 11:1. Mathayo 2:15 anasema mtoto Yesu alipelekwa Misri ili litimie neno, "Kutoka Misri nalimwita mwanangu." Ukifungua Hosea unakuta nabii wa karne ya 8 kabla ya Kristo, anaongea na ufalme wa kaskazini muda mfupi kabla Samaria haijaanguka mwaka 722, na hatabiri chochote hapo. Anakumbuka. Israeli alipokuwa mtoto nilimpenda, nikamwita atoke Misri, na kadiri walivyoitwa ndivyo walivyozidi kwenda zao, wakawatolea Mabaali dhabihu. Wasiopenda imani yetu wanalileta hilo kama kosa la Mathayo, na nimeona vijana wa vyuo wakiyumbishwa nalo. Jibu langu ni kuwaambia wamsome Mathayo kwa kufuata mtiririko. Mtoto anakwenda Misri na kurudi. Anapita majini, Yordani. Anaingia jangwani, siku arobaini. Huko anajaribiwa, na majibu yake matatu yote yametoka Kumbukumbu la Torati, sura ya 6 na ya 8, pale Musa anapowakumbusha Israeli jinsi walivyoshindwa jangwani kwa miaka arobaini. Mathayo anajua vizuri kabisa kwamba Hosea anasema habari za taifa. Anachodai ni kwamba mwana huyu anairudia safari ya mwana yule, na safari hii haanguki. Hoja hiyo huwezi kuiona kama humjui mwana wa kwanza. Ukimfuta Israeli kwenye Hosea, umemfutia Mathayo hoja yake mwenyewe.

Usidhani haraka hii ni ugonjwa wa siku hizi. Waraka wa Barnaba, maandishi ya Kikristo ya zamani sana yasiyo kwenye Biblia yetu, unachukua wale watumishi 318 wa Abrahamu wa Mwanzo 14 na kukuta humo jina la Yesu na msalaba, kwa kuzisoma tarakimu kwa herufi za Kigiriki: 10 na 8 ni herufi mbili za mwanzo wa jina lake, 300 ina umbo la msalaba. Mwandishi anajisifu kwamba hajawahi kumfundisha mtu neno la kweli kuliko hilo. Abrahamu wa watu na Kigiriki wapi na wapi! Lakini tusimcheke sana. Nimeketi kwenye mkutano wa hapa mjini tukafundishwa kwamba mawe matano ya Daudi ni majeraha matano ya Bwana. Ukiuliza mbona lilitumika jiwe moja tu, unaambiwa tusimame tuimbe.

Upande wa pili wa shimo alisimama Marcion, aliyetengwa na kanisa la Roma mnamo mwaka 144 kwa kufundisha kwamba Mungu wa maandiko ya Wayahudi si Baba wa Yesu, na maandiko hayo yatupwe. Kanisa lilikataa. Huwa nawakumbusha wenzangu kwamba kulikataa fundisho hilo kuna gharama: ukisema kitabu kibaki, lazima ukubali kiseme. Kukibakiza huku kila ukurasa umegeuzwa fumbo la jambo lingine ni njia nyingine tu ya kukitupa.

Sasa Isaya 53. Hapa ndipo mwalimu anapopimwa, kwa sababu hapa kila mtu anajua jibu. Mimi huanza na Mkushi wa Matendo 8, ndani ya gari lake, akisoma sura hiyo hiyo na kumuuliza Filipo: nabii anasema habari zake mwenyewe, au za mtu mwingine? Filipo hakumkemea kwa kuuliza. Kwa hiyo nasi tunauliza. Tunarudi 41:8 na 49:3, ambako Mungu anamwita Israeli waziwazi mtumishi wake. Kisha tunasoma 49:6, ambako mtumishi huyo huyo anatumwa kuwarudisha makabila ya Yakobo, yaani ana kazi ya kuwafanyia Israeli. Mafumbo yapo ndani ya maandishi yenyewe. Rashi, mfafanuzi mkubwa wa Kiyahudi wa Troyes, Ufaransa (1040 hadi 1105), alisoma sura ya 53 kuwa ni Israeli anayeteswa katikati ya mataifa, na usomaji huo si wake wa kubuni, kwani Origen, mwalimu wa kanisa la kale, aliukuta kwa Wayahudi wa karne ya 3. Ongeza na hili: mwaka 1096, Rashi akiwa hai, watu wenye msalaba kwenye nguo zao waliwachinja Wayahudi wa Worms na Mainz, miji aliyosomea ujanani. Nikilisema hilo kikundini kunakuwa kimya. Bado mimi namwona Yesu kwenye Isaya 53, na nitakufa nikimwona. Lakini sitamwita kipofu mtu aliyewaona humo ndugu zake.

Shida yetu huku ziwani ni kwamba hakuna Myahudi wa kunyoosha mkono. Tunasoma kitabu cha watu ambao hawapo, na asiyekuwepo ni rahisi kumsingizia. "Farisayo" kwetu ni tusi la kumpa mwenzako anayebana michango. Ndiyo maana nawapa wanafunzi wangu habari za Semei Kakungulu, maana Uganda si mbali. Alikuwa jemadari wa Kiganda aliyewasaidia Waingereza kuiteka mashariki ya nchi ile, Mprotestanti, akasoma Biblia hii hii. Alipofika kwenye tohara na Sabato akaona hakuna aliyezifuta, akakataa kuvuka. Mwaka 1919 akatahiriwa, yeye na wanawe. Watu wake, Abayudaya, yaani Wayahudi wa Uganda, wapo mpaka leo karibu na Mbale, pamoja na kwamba Idi Amin aliipiga marufuku dini yao. Ukiandaa somo, mweke mmoja wao kwenye kiti cha nyuma. Akisikia unavyomweleza Isaya, atakitambua kitabu chake, hata kama anakataa unakokipeleka? Wakatoliki, ambao sisi wa upande huu huwa hatupendi kuwanukuu, waliliandika vizuri kupitia Tume ya Kipapa ya Biblia mwaka 2001: usomaji wa Kiyahudi wa maandiko haya ni usomaji unaowezekana. Ukubali au ukatae, ni vizuri wanafunzi wako wajue kwamba kanisa limefika huko.

Mambo machache ya utendaji. Mchungaji wako mwambie mapema unachofanya, uso kwa uso, asije akasikia kwa mtu kwamba kwa mwalimu fulani Isaya hamhusu Yesu. Maneno ya mwaloni yanakwenda haraka kuliko pikipiki. Soma sura nzima kwa sauti, hata kama wanalalamika. Mistari ya pembeni inayokupeleka Agano Jipya iache mpaka nusu ya pili ya kipindi. Na yule mzee atakayesema "lakini mwalimu, hii yote ni kivuli tu" usimbishie mbele za watu. Mwombe yeye ndiye afunge kwa kuonyesha Kristo yuko wapi, na utashangaa jinsi atakavyosikiliza zaidi ili asikosee zamu yake.

Kama hujui pa kuanzia, anza na Yona. Ana sura nne fupi, na wavuvi wana mengi ya kusema juu ya sura ya kwanza: mabaharia wasiomjua Mungu wa Israeli wanatupa mzigo wao majini, kisha wanavuta makasia kwa nguvu zao zote ili wasimtose nabii aliyewaletea balaa. Nahodha mmoja wa hapa aliniambia yeye asingevuta. Wayahudi hukisoma kitabu hiki chote alasiri ya Siku ya Upatanisho, na sisi tunakijua kwa zile siku tatu za tumboni kwa sababu Bwana alizitaja kwenye Mathayo 12:40. Mstari unaofuata anawataja pia watu wa Ninawi waliotubu, na tunaupita. Toba yao ndiyo inayomkasirisha Yona kwenye sura ya nne, hadi Mungu anamuuliza swali ambalo kitabu kinaishia bila kulijibu. Hapo kaa. Ukiona muda unakwisha, ruka habari za samaki, lakini sura ya nne isomwe.