Baridi imeingia, ndege wamekwenda wapi?

Simu yangu imejaa maswali ya kuangalia ndege tangu baridi ianze kubana mwishoni mwa Mei. Yanayofanana nimeyaunganisha, na lile la bwana aliyetaka kujua kama kasuku wake wa kwenye kizimba anaingia kwenye orodha ya mwaka ya ndege walioonekana nimemjibu pembeni. (Haingii.)

Shikamoo Mwalimu. Nasoma kwamba Wazungu hutoka kuangalia ndege hata Desemba na Januari, kwenye baridi kali, na hapo ndipo wanapoanzia orodha ya mwaka. Sisi baridi yetu ni Juni hadi Agosti. Nasi tutoke sasa au tusubiri mvua? – Msomaji, Makambako

Marahaba. Tokeni, ila msitegemee kuona wanachokiona wao. Uingereza ikifika Desemba miti imepukutika, mchana umekuwa mfupi, na mabata bukini kutoka Iceland na nchi za kaskazini kabisa wameteremkia kwenye mabwawa na mashamba yao. Kwao baridi ni msimu wa wageni. Kwetu wageni wameshaaga na tumebaki na wenyeji.

Mbayuwayu wa Ulaya waliokuwa wamepanga mistari kwenye nyaya za umeme pale Uyole mwezi Machi, sasa hivi wako kwenye mabanda ya ng'ombe ya huko kwao wanalea makinda. Korongo weupe, wale wanaofuata viwavijeshi mashambani wakati wa mvua, nao hawapo. Hata mgeni wetu wa humuhumu Afrika, mbayuwayu buluu, anayezalia kwenye nyasi za juu kama Kitulo wakati wa mvua, ameshapanda kwenda nyanda za Uganda na pembezoni mwa Ziwa Victoria. Na yule ndege wa mvua mwenye sauti tatu zinazoshuka, ambaye watoto humwigiza njiani wakitoka shule, yuko kimya kama hajawahi kuwepo.

Ndiyo maana kila mwaka mtu ananiambia "Mwalimu, baridi hakuna ndege." Wapo. Kunguru wa milimani mwenye shingo nyeupe yuko palepale juu ya mlima Loleza, Mbeya. Kwarara anapiga kelele zake saa kumi na mbili asubuhi bila kujali ukungu. Kwenye nguzo za umeme kuanzia Igawa hadi Makambako utamwona mwewe mnene mwenye mkia mwekundu, ambaye wakati mwingine kifua chake ni cheupe na wakati mwingine ni cheusi tii. Ni ndege mmoja huyo, usimwandike mara mbili. Na mwenye nauli ya kufika Ruaha asingoje mvua. Kadiri kiangazi kinavyosonga, maji hubaki kwenye vidimbwi vichache na ndege wote hujazana hapo, na majani yakishapukutika hakuna pa kujificha. Hifadhi ile ina aina zaidi ya 570. Ukifika, mtafute hondohondo wa Ruaha, mwenye mdomo mwekundu, ngozi nyeusi kuzunguka macho na macho ya njano. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000 wataalamu walimchanganya na ndugu zake, kisha wakamtambua kuwa aina ya peke yake.

Mwaka umeshafika katikati. Naweza kuanza orodha leo? Na ndege niliyemsikia tu bila kumwona namwandika? – Dada wa Tukuyu

Anza leo, dada. Kwa desturi orodha ya mwaka hufunguliwa 1 Januari na kufungwa 31 Desemba, na kila aina inaandikwa mara moja tu, siku ile ya kwanza. Hakuna mgambo atakayekukamata ukianza Julai. Aliyesikika anaingia kama una hakika na sauti yake. Bundi usipowahesabu kwa sauti, hutakuwa na bundi.

Sheria zinaishia hapo, na hapo hapo ndipo ninapoanza kutofautiana na wenzangu. Kuandika jina mara moja kwa mwaka ni kama kuhesabu magoli bila kuangalia mpira. Kuna Mmarekani, Noah Strycker, ambaye mwaka 2015 alizunguka dunia akaona aina 6,042 ndani ya mwaka mmoja. Mwaka uliofuata Mholanzi Arjan Dwarshuis akapita 6,800. Nawavulia kofia. Tanzania nzima ina aina elfu moja na mia moja na ushee, kwa hiyo wewe na mimi na bodaboda yetu hatutawafikia hata tukikesha. Lakini wao walipita. Hawajui kwarara wa Tukuyu wanalala kwenye mti gani, wala ni wiki gani mbayuwayu wa kwanza anarudi. Hayo utayajua wewe, mradi uandike tarehe, saa, mahali, idadi na ndege alikuwa anafanya nini. Andika pia siku uliyotoka ukaambulia patupu. Bila hizo siku, huwezi kusema ndege fulani *hayupo* Julai. Utakuwa unasema tu kwamba hukwenda.

Daftari langu la kwanza liliandikwa "Kwarara, Januari" halafu basi, miezi kumi na miwili ikapita. La pili lilikuwa na kila kitu, tarehe hadi hali ya hewa, ila niliandika kwa peni. Nikalowa msitu wa Rungwe, na Februari yote hadi Aprili ikawa doa la bluu. Tumia penseli.

Mwenye simu janja anaweza kutumia programu ya eBird, ambayo ni bure. Wapo pia Tanzania Bird Atlas, wanaokusanya kumbukumbu za ndege wa nchi hii kutoka kwa watu wa kawaida kama sisi. Mimi naanzia kwenye daftari, kisha jioni nahamishia kwenye simu nikiwa nimekaa karibu na jiko la mkaa. Vidole vikiganda huwezi kubonyeza kioo.

Tunapanga kwenda Kitulo Julai, watu wanne. Jirani anatucheka kwamba tunafuata baridi bure, maua yamekwisha. – Msomaji, Mbeya Mjini

Jirani yuko sahihi kuhusu maua. Kitulo inaitwa Bustani ya Mungu kwa sababu ya kile kinachotokea kati ya Novemba na Aprili, na hata ilipotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005 maua ndiyo yaliyobeba sifa. Julai utakuta nyasi za rangi ya simba hadi upeo wa macho, na alfajiri zimepauka kwa sakitu. Uwanda wenyewe uko mita kama 2,600 juu ya usawa wa bahari.

Nendeni hivyohivyo. Nyasi zikiwa fupi na kavu, tandawala wa Denham, ndege mkubwa wa kutembea, mwenye shingo ya rangi ya kutu, hana pa kujificha isipokuwa asimame wima ajifanye kisiki. Mimi nilipita karibu na kisiki cha namna hiyo dakika kumi nzima nikila karanga, mpaka kisiki kikapiga hatua.

Msikurupuke alfajiri. Kwenye misitu ya chini nitakwambia uwe umesimama saa kumi na mbili, lakini juu kule ndege wa nyasini hawatoki mpaka jua liguse sakitu. Saa mbili na nusu inatosha. Kabla ya hapo utakuwa unaangalia pumzi yako mwenyewe. Mkipandia Chimala kwenda Matamba, mtapita zile kona za Hamsini na Saba, na anayetapika akae dirishani. Simameni katikati ya mlima. Pale hewa ya joto inapanda kutoka Usangu, na tai na kunguru wa milimani wanaelea usawa wa macho yenu au hata chini yenu. Ni nadra mtu kumwona tai mgongoni.

Vaeni makoti ya mtumba, yale mazito ya Wazungu wanaotoka kwenye theluji. Pale Mwanjelwa yapo ya kumwaga.

Na kwenye vichaka vya pembezoni mtafuteni chiriku wa Kipengere, wa rangi ya majivu na kahawia, mwenye michirizi kifuani na mdomo mnene. Haonekani nchi nyingine yoyote duniani, ni Tanzania tu, na kwa sehemu kubwa ni milima hii yetu. Mtu anauza shamba la mahindi aende Brazil kutafuta ndege adimu, na huyu anakula mbegu nyuma ya nyumba ya mjomba wake kule Makete.

Vile videge vidogo vya kahawia kwenye nyasi, vyote vinafanana. Mnavitofautishaje? – Mwanafunzi, Iringa

Kwa sauti, na hapo ndipo baridi inapotuumiza. Kuna kimoja chenye jina la Njombe hadi kwenye jina lake la kisayansi, *Cisticola njombe*, kinachokoroma kama mashine ya kushonea. Kingine hupanda juu kama nukta kisha kinapiga mabawa, ta-ta-ta, kama mtu anayepiga vidole. Wakati wa mvua utavitenganisha ukiwa umefumba macho. Julai haviimbi, vinaruka hatua tano na kuzama tena kwenye majani. Andika "kidege cha nyasini, hakikutambulika" uendelee na safari. Usiangalie picha kwenye kitabu ukachagua unayoipenda.

Nikisimama barabarani na darubini watu wanaanza kunong'ona. Juzi nilikuwa namtafuta bundi makaburini jioni, nikaulizwa maswali magumu. Nifanyeje? – Kaka wa Rungwe

Kaka, makaburini! Jioni! Na bundi!

Ukifika kijiji usichokizoea, anzia kwa mwenyekiti wa kitongoji au ofisi ya mtendaji. Jitambulishe, sema umefuata nini, na umwonyeshe ndege mmoja kwa darubini. Mzee akishamwona chozi kwa karibu, anavyometameta shingoni, hutaulizwa tena swali. Zaidi ya hapo utapewa kijana wa kukutembeza, na vijana wanaochunga ng'ombe wanajua viota kuliko mimi na wewe. Mlipe. Bundi mwulizie mchana, halafu nenda usiku na mwenyeji. Na darubini isielekezwe kamwe kwenye kambi, kituo cha polisi wala bwawa la umeme, hata kama mnandi kajianika pale ukutani akikausha mabawa.

Ni kweli kuna kwale aligunduliwa ndani ya sufuria? – Msomaji, Kilolo

Ni kweli, na ni huko kwenu. Mwaka 1991 watafiti wa Denmark walikuwa wamepiga kambi kwenye misitu ya Udzungwa, wakaona kwenye sufuria ya kambi miguu ya ndege wasiyemfahamu. Nyama ilikuwa imeshaliwa. Siku zilizofuata wakawaona wakiwa hai, wanatembea kwenye majani makavu chini ya miti, na mwaka 1994 kwale wa Udzungwa akaandikwa rasmi, si kama aina mpya tu bali na jenasi mpya kabisa, yaani kundi la aina ndugu. Cha kushangaza, ndugu zake wa karibu hawako Afrika. Wako kwenye misitu ya Asia. Baadaye akapatikana mwenzake milima ya Rubeho, akaandikwa mwaka 2003.

Wataalamu walimgundua, sawa. Lakini aliyemtega na aliyempika walikuwa wanamjua siku zote. Ndiyo maana nasema ukienda msitu wa Ndundulu, huko huko Udzungwa, anza kwa kuwauliza wazee jina la kila ndege kwa Kihehe, uliandike pembeni ya jina la kitabuni.

Darubini gani ninunue? Na nikipiga sauti ya ndege kwenye simu ili aje, kuna ubaya? – Msomaji, Mafinga

8x42, yaani inayokuza mara nane, yenye kioo cha mbele cha milimita 42. Hizo za 20x wanazouza wamachinga zinatetemeka mpaka ndege anaonekana ana homa. Ya mtumba yenye kioo safi ni bora kuliko mpya ya plastiki.

Sauti ya simu, ndiyo, ina ubaya. Ndege anadhani amevamiwa, anaacha mayai au chakula aje kupigana na mtu asiyekuwepo. Kwenye baridi, ambapo kila punje ya nguvu anaihitaji apite usiku, unamfilisi. Kaa chini, nyamaza robo saa, watakuja wenyewe.

Mimi nalima mpunga Mbarali. Kwelea kwelea nao wanahesabika kwenye orodha yenu? – Mkulima

Wanahesabika, ndugu yangu, na pole sana. Kwenye orodha ya mwaka kundi zima ni mstari mmoja, "kwelea kwelea, 1", na najua hilo linakuudhi. Ila wewe unayesimama shambani na kopo na kombeo kuanzia alfajiri una kumbukumbu ambazo sisi wenye darubini hatuna: wanaingia tarehe ngapi, wanatokea upande gani, wanalala kwenye matete ya wapi, na siku gani walihama. Wakiingia tena, andika hata nyuma ya kalenda ya ukutani, unitumie picha yake. Nitakuja na daftari langu tulinganishe, na kombeo la pili nitabeba.