Maswali yenu kwa Anko: zile pafyumu za limau za kina baba zina nini hasa?

Toka tuandike kidogo kuhusu pafyumu za kiume za zamani, zile zinazoanza na limau zikaishia na harufu ya msitu, meseji hazijakatika, kwahiyo safari hii tumeacha maswali mengine yote pembeni. Yaliyofanana nimeyaunganisha.

Shikamoo anko. Baba mdogo kaniachia chupa ya Eau Sauvage ipo nusu, nikipuliza asubuhi inakuja limau kali mpaka macho yanafunguka, halafu kama nusu saa hivi limau linapungua inakuja harufu nyingine kabisa, kama majani makavu na udongo chini ya miti mikubwa. Washkaji kazini wananicheka wanasema nanukia kizee lakini mi siwezi kuiacha. Ni mimi tu au kuna kitu humo ndani? (Msomaji, Tanga)

Marahaba kijana wangu. Huna tatizo lolote, na pua yako iko vizuri maana ulichoeleza ndio mpango mzima wa hiyo pafyumu, imetengenezwa ifanye hivyo hivyo.

Hiyo ni ya mwaka 1966, ya Dior, mtengenezaji wake anaitwa Edmond Roudnitska, alikuwa anaishi Cabris, kijiji juu ya Grasse kule kusini mwa Ufaransa. Ukoo wake unaitwa shipre, jina limetokana na kisiwa cha Cyprus, na aliyeupa ukoo huo sura tunayoijua ni François Coty mwaka 1917 na pafyumu yake aliyoiita Chypre. Mpango ni huu: juu unaweka bagamoti (tunda la jamii ya ndimu na danzi, linalimwa sana Calabria, Italia, ndio ile harufu ya chai ya Earl Grey), chini unaweka utomvu wa kichaka fulani, utomvu wenyewe unaitwa labdanamu, pamoja na okimosi. Okimosi ni ile kitu ya kijivu-kijani inayoota kwenye magome ya mwaloni huko Ulaya, jamaa yake unamwona akining'inia kwenye miti ukipanda Lushoto huko au njia ya Kilimanjaro, zile ndevu za miti. Na labdanamu ndio balaa, zamani wachungaji wa Krete na Cyprus walikuwa wanaikwangua kwenye ndevu za mbuzi wao, maana mbuzi wakipita kula kwenye vichaka utomvu unawaganda. Sasa fikiria mtu anakaa ofisini ananukia vizuri na asili yake ni kidevu cha mbuzi.

Kabla ya hapo mwanaume wa Ulaya alikuwa na odikoloni, mambo ya mtengenezaji Farina aliyeanza kule Cologne, Ujerumani, mwaka 1709: limau, bagamoti, maua ya mdanzi, rozimari, unajimwagia baada ya kuoga na ikifika saa nne hakuna kitu. Ilikuwa safi lakini haina chini. Walichofanya hawa wa miaka ya 50 na 60 ni kuchukua ule usafi wakauwekea sakafu. Chanel walitoa Pour Monsieur mwaka 1955, kazi ya Henri Robert, ndani yake kuna iliki kabisa ile ya chai yetu. Givenchy wakaja na Monsieur de Givenchy 1959. Halafu Roudnitska akaja na hiyo yako, akaongeza mrehani, na akatia kitu cha maabara kinaitwa hedioni, kina uasumini wa mbali, chepesi, kinaifanya pafyumu nzima ipumue. Mrehani na asumini! Yaani ukitoa limau hapo umebaki na nusu ya kikuba cha bi harusi wa Pwani, na hiyo ndio pafyumu ya mwanaume iliyotikisa Ufaransa nzima, na matangazo yake alichora René Gruau, mwanaume katoka kuoga na miguu yake ya manyoya wala hana haraka.

Sasa umeuliza kinachovuta. Mi naona ni uchungu. Sio uchungu mbaya, uchungu wa ganda la danzi ukilibana na kidole, na baadae uchungu mkavu wa ile okimosi, na kati ya hizo mbili hamna sukari. Ingia duka lolote la pafyumu mjini leo unuse za kiume tano za mbele, zote zitakuwa na vanila au karameli au kile kitu cha kemikali kinachopiga kelele mpaka kwenye lifti. Ni tamu, zinapendwa, sizikatai, lakini utamu unakwambia kila kitu dakika ya kwanza. Shipre ya limau juu ni mwanga na maji, chini ni kivuli na ukavu, na muda wote mchana inahama taratibu kutoka huku kwenda kule, ndio maana wewe unainusa tena na tena mkononi, unataka kujua imefika wapi.

Halafu kuna joto. Hizi zilitengenezwa kwa ajili ya kiangazi cha Mediterania, na mtu wa Tanga mwezi wa pili hahitaji pafyumu ya asali.

Washkaji zako hawajadanganya sana lakini. Ile okimosi ilikuwa kwenye aftasheivu, kwenye sabuni za kunyolea, kila sehemu, kwahiyo pua ya mtu imeihifadhi kama baba, babu, kinyozi. Waache wacheke.

Anko mambo. Nimenunua moja ya hizo, orijino kabisa na hela nimetoa ya kutosha, ndani ya saa moja na nusu tu harufu imeisha, wakati udi wangu nikijifukiza Ijumaa mpaka Jumapili kanzu inanukia. Nimepigwa? (Msomaji, Mombasa)

Poa sana. Hujapigwa ndugu yangu, ni kemia tu. Mafuta ya limau na bagamoti yamejaa limonini, molekyuli ndogo nyepesi, inaruka na joto la ngozi haraka sana na hakuna mtengenezaji duniani aliyeweza kuizuia bila kuiharibu. Udi ni utomvu, molekyuli kubwa nzito, tena wewe umeuingiza kwenye kitambaa kwa moshi. Kulinganisha hivyo viwili ni kumwonea limau.

Ila nina wasiwasi na hiyo saa na nusu, kwa sababu kilichoisha hapo ni limau tu, chini bado ipo ila inakaa karibu na ngozi na pua yako imeshaizoea. Muulize mtu aliyekaa pembeni yako saa sita mchana. Kama unataka isogee kidogo, puliza kwenye shati la pamba badala ya shingo peke yake (sio shati jeupe la harusi maana zingine zinaacha rangi), usisugue viganja, na hamishia kidogo kwenye kichupa cha mfukoni ujipulizie tena baada ya adhuhuri. Hakuna aibu kurudia. Odikoloni za zamani watu walikuwa wanarudia mchana kutwa.

Na kwa vile ni mtu wa kanzu jaribu hivi: fukiza kanzu ubani, sio udi, ubani mwepesi tu, halafu juu yake puliza hiyo pafyumu. Ubani wenyewe una ulimau ndani yake na utomvu wake unashikana na labdanamu vizuri mno. Udi mzito utaimeza.

Hivi ni kweli za sasa hivi zimechakachuliwa? Kuna jamaa kila siku anatuambia kwenye grupu ukitaka ladha halisi tafuta chupa ya kabla ya 1990, hizi mpya ni maji tu. (Msomaji, Nairobi)

Jamaa yako ana nusu ya ukweli na anaiuza kama nzima.

Nusu yenyewe ni hii. Okimosi ya asili ina vitu viwili, atranoli na kloroatranoli, vinavyoamsha mzio kwa baadhi ya watu, na mzio wa ngozi ukishaupata hauondoki. Shirika la kimataifa la watengeneza manukato, IFRA, lilishaanza kubana kiwango chake miaka mingi nyuma, halafu Umoja wa Ulaya ukapitisha sheria mwaka 2017 kuvipiga marufuku kabisa: kuanzia 2019 hakuna bidhaa mpya kuingia sokoni navyo, na ilipofika 2021 hata zilizokuwa madukani zikatakiwa kutoka. Kwahiyo leo wanatumia okimosi iliyochujwa hivyo vitu, au wanaiga kwa mafuta ya mimea kama patchuli na vetiva, na vitu vya maabara. Je, ni sawasawa? Hapana. Ile ya zamani ilikuwa na unyevu fulani na kiza, hata chumvi kama ya wino, na iliyochujwa inatoka imenyooka sana. Hapo nakubaliana naye.

Anachokosea ni kwamba ile chupa ya miaka 40 anayoinusa yeye sio pafyumu iliyotoka kiwandani. Kitu cha kwanza kufa kwenye chupa ni limau. Limonini ikikutana na hewa na joto na mwanga inaoza, na kwenye pafyumu ambayo nusu ya uzuri wake ni limau umebaki na nini? Chini nzuri sana na juu iliyokufa. Ndio maana wengi wanaamini hizi za zamani zilikuwa nzito na za kiza, kumbe zilipokuwa mpya zilikuwa zinang'aa. Kule Versailles kuna jumba linaitwa Osmothèque, lipo toka 1990, kazi yao ni kuhifadhi pafyumu zilizokufa na zilizobadilika, wanaziweka kwenye nyuzi 12 gizani na juu ya kimiminika wanajaza gesi ya argoni ili hewa isiguse. Sasa linganisha na chupa iliyokaa miaka yote hiyo kwenye kabati la bafuni, halafu mtu anakwambia hiyo ndio halisi.

Kwahiyo mi nikitaka kuelewa okimosi nanusa ya zamani, nikitaka kuvaa navaa mpya. Eau Sauvage ya leo imebadilika lakini bado ni nzuri kuliko vitu vingi vilivyotoka mwaka jana. Za mwanzo zingine kwenye ukoo huu sasa hivi zimekonda kweli, hilo sitabisha.

Anko nimepuliza pafyumu ya zamani ya babu shingoni nikaenda baharini, kesho yake nina michirizi myekundu imegeuka kahawia, ni mzio? (Msomaji, Unguja)

Inawezekana sio mzio. Bagamoti ya zamani ilikuwa na kitu kinaitwa bagapteni ambacho kikikutana na jua juu ya ngozi kinaunguza, ni kile kile kinachomtokea mtu akikamua ndimu nyingi halafu akashinda juani, mikono inatoka madoa. Siku hizi watengenezaji wanaiondoa bagapteni au wanabana kiwango, chupa ya babu hakuna aliyeiondoa. Nenda ukamwone daktari wa ngozi, na hiyo pafyumu iwe ya nguo na ya usiku.

Kuna mtu mtandaoni anauza Monsieur de Givenchy ya zamani, bado ina boksi, anataka hela ndefu. Naangalia nini nisije kulia? (Msomaji, Dar)

Cha kwanza kabisa muulize imekaa wapi, na usikilize anavyojibu. Ndani ya boksi, kabatini chumbani, ndio jibu unalotaka, kama ilikuwa pambo juu ya meza ya kioo mbele ya dirisha basi achana nayo hata kama ni orijino. Angalia kimiminika kimefika wapi, kikiwa kimeshuka sana na chupa haijawahi kufunguliwa ujue hewa inaingia. Rangi kuzidi kidogo sio shida, zote zinakolea na umri, ila ikiwa kahawia kama chai ya rangi, hapana. Namba zilizopigwa chini ya chupa na chini ya boksi zifanane.

Halafu nusa, na hapa watu wengi wanakimbia mapema. Dakika tano za kwanza chupa kuukuu inaweza kunuka kama dawa ya kufutia rangi ya kucha, usiogope, subiri. Ikitulia ikaja ukavu na majani, ipo hai. Ikibaki uchachu mpaka nusu saa, imekufa. Kama yupo mkoa mwingine na huwezi kunusa, bei ishuke au mwambie akutumie kidogo kwenye kichupa ulipie hicho kwanza.

Na kama hii ndio shipre yako ya kwanza kabisa maishani mi ningekushauri usianze hapo. Tafuta Pour Monsieur ya Chanel mpya, ile nyepesi iliyoandikwa eau de toilette, sio ile nyingine nzito ya vanila, ivae wiki mbili kwenye joto, ndio urudi kwa huyo muuzaji ukiwa unajua unachotafuta.

Assalam aleikum anko. Mume wangu anayo hiyo Eau Sauvage, mi nanyatia naipuliza akiondoka. Ni ya kiume kweli kweli au naweza kuvaa tu? (Msomaji, Muscat)

Waaleikum salam bibie. Vaa. Wanawake wa Ufaransa waliiba ya waume zao toka ilipotoka, mpaka watengenezaji wakaona biashara, wakaanza kuwatolea na wao za ukoo huo huo: Ô de Lancôme 1969, Eau de Rochas 1970, na Roudnitska mwenyewe akawatengenezea Diorella 1972 ambayo wanaume nao wakaanza kuiba. Ila mnunulie mzee chupa nyingine, kimya kimya, maana kiwango kinavyoshuka lazima ameshaanza kushangaa.