Kwa mnaoanza kuandika matokeo ya kuteleza kwenye barafu

Mwandishi anayeanza kazi ya habari za michezo hapa Arusha huja akiwa amezoea mpira wa miguu na riadha, na hilo ni jambo jema, kwa sababu hiyo ndiyo michezo ambayo wasikilizaji wetu wanaifahamu kwa karibu. Lakini kuanzia Desemba hadi Machi, kwenye habari za kimataifa, hufika kwa wingi matokeo ya kuteleza kwenye barafu kwa mitindo: mashindano ya taifa ya Japani, ya Marekani na ya Kanada, kisha mashindano ya dunia ya vijana na ya wakubwa. Anayekabidhiwa habari hizo kwa mara ya kwanza huandika jina la mshindi, nchi yake na jumla ya alama, kisha huhamia kwenye habari nyingine. Mimi naamini kwamba habari ya namna hiyo inamdhulumu mwanamichezo na inamwacha msikilizaji hajaelewa lolote, na kwa sababu hiyo nawaandikia haya.

Jambo la kwanza ni kuachana na mazoea ya riadha. Filbert Bayi alipokimbia mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2 kule Christchurch mwaka 1974, muda ule ulikuwa na maana ileile Christchurch, Dar es Salaam au Helsinki, na ndiyo maana ulihesabiwa kuwa rekodi ya dunia bila mabishano. Katika kuteleza, namba hutolewa na watu. Jopo la ufundi hutambua mwanamichezo amefanya nini, majaji huamua amekifanya kwa ubora gani, na jumla hupatikana kwa kujumlisha alama za ufundi na alama za uwasilishaji wa programu nzima, kisha kuondoa makato. Utaratibu huu uliingia baada ya kashfa ya majaji katika shindano la jozi kwenye Olimpiki ya Salt Lake City mwaka 2002, ambapo jozi ya Kanada ilipewa dhahabu ya pili pamoja na jozi ya Urusi, na mfumo wa zamani ambao alama yake ya juu ilikuwa 6.0 ukawekwa kando.

Kwa hiyo, kabla hamjaandika sentensi moja kuhusu namna mtu alivyoteleza, tafuteni karatasi ya alama inayotolewa baada ya shindano, ambayo huonyesha kila kipengele na alama ya kila jaji. Nawasihi msiiogope. Mruko wa lutsi wa mizunguko mitatu una thamani ya msingi, yaani alama uliyopangiwa kabla ubora wake haujahukumiwa, ya 5.90. Kila jaji huupa daraja la ubora kuanzia -5 hadi +5, daraja la juu kabisa na la chini kabisa huondolewa, wastani wa yaliyobaki huchukuliwa, na kila ngazi moja ni sawa na asilimia 10 ya thamani ya msingi. Anayeanguka akapewa -5 na majaji wote hubaki na 2.95, kisha hukatwa alama 1 nyingine kwenye jumla. Lutsi ya mizunguko minne ina thamani ya 11.50, mwanamichezo akiikamilisha mizunguko yote hewani halafu akaanguka anapotua, hubaki na 5.75, na baada ya makato huwa 4.75. Mruko wa akseli wa mizunguko miwili uliotua salama, kwa daraja la sifuri, una 3.30. Hapo ndipo lilipo jibu la swali ambalo msikilizaji wetu huuliza kila msimu: iweje aliyeanguka ampite aliyesimama? Mkiweza kulijibu hewani kwa sentensi mbili zilizo wazi, mtakuwa mmefanya kazi ambayo jumla ya alama peke yake haiwezi kuifanya.

Kwenye karatasi hiyohiyo mtakuta alama ndogo pembeni ya majina ya miruko. Alama ya < ina maana kwamba mzunguko haukukamilika, na thamani ya mruko hushuka hadi asilimia 80. Herufi q huonyesha kwamba mruko umepungukiwa na robo ya mzunguko. Thamani ya msingi haiguswi, ila majaji hushusha daraja lao. Herufi e ni kosa la ukingo wa chuma cha kiatu wakati wa kuruka. Alama ya x ni nyongeza ya asilimia 10 kwa miruko ya mwisho katika nusu ya pili ya programu, hivyo muunganiko wa miruko ya lutsi na tolupu ya mizunguko mitatu, wenye thamani ya 10.10, hupanda hadi 11.11. Mtu aliyepanga miruko yake migumu mwishoni, miguu ikiwa imechoka, amefanya uamuzi wa kijasiri ambao unastahili kutajwa, hata kama amemaliza wa tano.

Sasa nije kwenye mashindano ya taifa. Alama za huko hutolewa na majaji walioteuliwa na chama cha nchi husika na haziingii katika rekodi za ISU, chombo kinachosimamia mchezo huu duniani. Mara nyingi huwa za ukarimu. Kuandika kwamba bingwa wa taifa fulani amevunja rekodi ya dunia kwa alama alizopata nyumbani ni kosa kubwa la kitaaluma. Vilevile, nafasi ya kitaifa haimaanishi tiketi ya Olimpiki moja kwa moja. Mwaka 2022, kwenye mashindano ya taifa ya Marekani kule Nashville, Ilia Malinin, akiwa na umri wa miaka 17, alipata alama 302.48 na kushika nafasi ya pili nyuma ya Nathan Chen, lakini timu ya Olimpiki ya Beijing ikawa Chen, Vincent Zhou na Jason Brown, kwa kuwa kamati ya uteuzi iliangalia pia matokeo ya kimataifa ya nyuma. Machi, kwenye mashindano ya dunia ya Montpellier, Malinin alikuwa wa nne baada ya programu fupi, ambayo ni sehemu ya kwanza ya shindano, akateremka hadi wa tisa. Aprili akatwaa ubingwa wa dunia wa vijana mjini Tallinn kwa alama 276.11, na Septemba akawa mtu wa kwanza kutua akseli ya mizunguko minne katika mashindano. Mwandishi aliyetazama nafasi peke yake angeripoti kwamba kijana amepanda, ameshuka, kisha amepanda tena. Aliyesoma karatasi aliona kijana mmoja mwenye miruko mizito, ambaye uthabiti wake ulikuwa bado unajengwa.

Habari za vijana ndizo zinazohitaji uangalifu zaidi, na hapa nazungumza kwa uzito wote. Katika misimu ya karibuni programu ya kuteleza huru, yaani ile ndefu ya sehemu ya pili, ya vijana imekuwa ya dakika 3 na nusu, ya wakubwa dakika 4, kwa hiyo jumla za madaraja hayo mawili haziwekwi kwenye orodha moja. Umri nao una kanuni zake. Juni 2022 ISU ilipiga kura kupandisha umri wa chini wa kushiriki mashindano ya wakubwa kutoka miaka 15 hadi 17, kwa hatua, baada ya mjadala uliozidi makali kutokana na kesi ya dawa zilizopigwa marufuku michezoni iliyomhusu Kamila Valieva wa Urusi, aliyekuwa na miaka 15 kwenye Olimpiki ya Beijing. Ndiyo maana Mao Shimada wa Japani, aliyezaliwa Oktoba 2008, alisimama jukwaani kwenye mashindano ya taifa ya wakubwa nchini kwake, akawa bingwa wa dunia wa vijana mfululizo kuanzia 2023, na bado hakuruhusiwa kwenda Olimpiki ya 2026: tarehe ya kuhesabia umri ilikuwa Julai 1, 2025, na siku hiyo alikuwa na miaka 16. Msikilizaji asipoelezwa hilo atadhani msichana huyo ameachwa kwa hila.

Hawa ni watoto. Andikeni walichofanya kwenye barafu. Msiandike kuhusu miili yao wala uzito wao, na msimtabirie mtoto wa miaka 14 dhahabu ya Olimpiki kwa sababu ya mruko mmoja mzuri. Katika ripoti ya vijana mimi hutafuta ulinganisho wa mtu na nafsi yake: alama zake za msimu uliopita, mruko ambao zamani ulikuwa na alama ya < na sasa umesafishwa.

Kuhusu saa, jipangeni mapema. Japani ipo mbele yetu kwa saa sita: shindano linalomalizika saa mbili usiku kule hutukuta saa nane mchana, na mwandishi anapata muda wa kutosha wa kusoma karatasi kabla ya taarifa ya jioni. Marekani ni shida. Saa mbili usiku ya majimbo ya mashariki wakati wa Januari ni saa kumi alfajiri hapa Arusha, na taarifa ya kwanza inakaribia. Katika hali hiyo, wekeni kwenye taarifa ya asubuhi majina, nafasi na jumla tu, mkiwa mmehakiki namna majina yanavyotamkwa, na maelezo ya namna walivyoteleza yasubiri taarifa ya mchana, karatasi ikiwa tayari mkononi.