Drili ina kilo 3 tu, mbona bega linauma?

Pole sana, fundi. Umesema drili ina kilo 3 tu, lakini ukishinda unatoboa ukuta mkono ukiwa umenyooka, jioni bega halifai. Shida si kilo peke yake, ni umbali wake kutoka begani. Kilo 3 zikiwa sentimita 60 mbele yako hulielemea bega mara mbili kuliko zikiwa sentimita 30. Na misuli ya bega imeshika karibu sana na kiungo, hivyo hulazimika kuvuta kwa nguvu inayozidi uzito wa drili mara kadhaa. Mkono wenyewe nao ni mzigo.

Basi sogeza mwili, usinyooshe mkono. Panda jukwaa mpaka tundu liwe usawa wa kifua, kiwiko kikae karibu na mbavu, mkono wa pili ushike mpini wa pembeni. Ngazi ihamishe kila mara, hata kama inachosha. Kujinyoosha juu yake kunaangusha watu. Kazi ya dari mimi hupokezana na msaidizi.

Vidole vikifa ganzi, mkono ukigoma kuinuka, au maumivu yakikuamsha usiku, nenda hospitali. Usiendelee kwa kumeza dawa za maumivu.