Hambantota: ilikodishwa, haikunyang'anywa

Wengi husema China iliinyang'anya Sri Lanka bandari ya Hambantota kufidia deni. Hapana, haikuichukua. Mwaka 2017 Sri Lanka iliikodisha kwa kampuni ya China Merchants kwa miaka 99, ikapokea dola bilioni 1.12. Pesa hizo ziliingia kwenye akiba ya fedha za kigeni. Mikopo ya Exim Bank, benki ya serikali ya China, iliyojenga bandari haikufutwa, serikali ikaendelea kudaiwa. Hapo ndipo wengi wanachanganya mambo. Kilichoibana nchi zaidi ni hatifungani za dola (hati za mkopo) ambazo serikali iliwauzia wawekezaji kwenye masoko ya nje. Ila mkopo wa kwanza wa bandari kutoka Exim Bank, dola milioni 307 kwa riba ya 6.3%, haukuwa wa bei nafuu hata kidogo, na kuilaumu China kwa hilo ni halali.