Fizi za mjukuu zinavuja damu, niache mswaki?

Swali: Ninamlea mjukuu wangu wa miaka 6 anayeishi na VVU. Wiki ya pili sasa ulimi wake una utando mweupe. Nikiusugua kwa kitambaa unatoka, chini panabaki pekundu. Fizi zinavuja damu, kwa hiyo nimesitisha mswaki. Sasa hata dawa zake za VVU anazitema. Nifanyeje? Damu hiyo itaniambukiza?
*Bibi mlezi*

Jibu: Shikamoo, bibi. Naanza na dawa zinazotemwa, maana hapo ndipo penye haraka. Niliwahi kumtibu msichana wa umri huo aliyekuwa akificha tembe shavuni, nyumbani akigombezwa kwa ukaidi. Nilipomfunua kinywa nikakuta utando umetanda hadi kwenye kaakaa. Hakuwa mkaidi, alikuwa anaumia. Alipotibiwa, tembe zikamezeka.

Maelezo yako yanafanana sana na fangasi wa kinywa. Mpeleke kliniki kesho asubuhi, usingoje tarehe ya kwenye kadi. Taja siku zote ambazo dawa ilitemwa, usiogope kulaumiwa. Fangasi kwa mtoto aliye kwenye dawa huweza kuashiria kwamba virusi vimepanda, hivyo uliza kama apimwe wingi wa virusi. Akiandikiwa nistatini ya maji, yaani dawa ya fangasi, mpe baada ya kula, aizungushe mdomoni kadiri awezavyo kabla ya kumeza. Kitambaa weka kando, kinamchubua.

Mswaki urudi leo, bibi. Fizi nyingi huvuja kwa sababu ya uchafu ulioganda kwenye shina la jino, na ukiacha kupiga mswaki zitavimba zaidi. Tumia mswaki laini, asubuhi na kabla ya kulala, na dawa ya meno yenye floraidi kiasi cha punje ya njegere. Ushike wewe, mkono wa mtoto haumudu vizuri hadi miaka 7 au 8. Ateme povu, asisukutue. Dawa nyingi za maji za watoto hutiwa sukari inayoganda kwenye meno, nayo ni sababu nyingine ya kutoacha mswaki.

Mate hayaambukizi VVU. Kwenye damu, kama kidole chako kina jeraha bichi, vaa glavu. Mswaki wake asiutumie mwingine, na utando ukiisha mpatie mpya.

Ila akilia anapomeza hata maji, au akikataa kula kabisa, msilale nyumbani. Nendeni usiku huohuo.