Mwanga wa taa yangu nitaupimaje?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nasoma kemia. Nina taa ya urujuanimno ninayochunguzia jinsi rangi ya vitambaa inavyooza majini. Nitajuaje mwanga kiasi gani unaingia kwenye chupa? – Msomaji, Likoni

Jibu: Marahaba, mwanangu. Wati zilizoandikwa kwenye taa ni umeme inaokula, si mwanga unaofika majini. Mimi hutumia feriokzaleti ya potasiamu, chumvi ya chuma inayobadilika ikipigwa na mwanga, kipimo walichokiweka sawa wanakemia Hatchard na Parker mwaka 1956. Iyeyushe chumvi hiyo ya kijani katika asidi hafifu ya salfuriki, itie katika chupa ile ile, mahali pale pale, kisha washa taa kwa muda maalumu. Mwanga hugeuza chuma cha tatu (chenye chaji chanya tatu) kuwa chuma cha pili (chenye chaji mbili). Ukiongeza fenanthrolini, kemikali inayoshikana na chuma cha pili, rangi nyekundu ya machungwa hujitokeza. Isome kwa spektrofotomita, kifaa kinachopima mwanga unaofyonzwa, kwenye urefu wa wimbi wa nanomita 510. Kwa mwanga wa nanomita 365, fotoni (chembe za mwanga) 100 zinazofyonzwa huzaa takriban ioni 120 za chuma cha pili. Ukizihesabu ioni, fotoni umezipata.

Lakini giza, mwanangu, nakusihi! Niliwahi kuiyeyusha karibu na dirisha, jua letu la saa sita likiingia, na hata chupa ambayo sikuiwashia taa ikawa nyekundu. Siku nzima ilipotea. Siku hizi nashusha pazia zito na kuwasha taa nyekundu, hata joto likinielemea.